Mkono Unaanzia Shingoni

Ilianza na sidiria. Wanaume mnaosoma hapa mnivumilie, maana sina mlango mwingine wa kuingilia habari hii. Asubuhi moja ya baridi, hapa kwangu St Marys, Australia, nilipeleka mkono wa kulia nyuma ya mgongo kufunga vile vifungo kama nilivyofanya tangu nikiwa msichana, mkono ukafika kiunoni ukakataa. Haukuuma sana siku hiyo. Ulikataa tu, kama mbuzi anayevutwa kuvushwa mto. Nikaizungusha sidiria, nikaifunga kwa mbele, nikaivuta mpaka ikarudi mahali pake, nikaenda kuchemsha chai. Nilidhani nimelala vibaya. Mtu wa umri wangu akiamka na kitu kinachouma hashangai. Anashangaa siku ambayo hakuna kinachouma.

Baada ya wiki kadhaa nikawa siwezi kuvaa koti bila kuanza na mkono ule mbovu. Halafu nikashindwa kufikia chumvi kwenye kabati la juu. Nikaishusha chumvi, nikashusha na majani ya chai na mafuta, vyote vikakaa mezani kama vitu vya mtu anayehama. Na sukari pia, ingawa sukari sikupaswa kuwa nayo hata kidogo, kwa sababu ninayo ya kutosha ndani ya damu. Hiyo nitaifikia.

Kwanza nimlete yaya. Kwetu Uvira, Kongo, dada mkubwa tunamwita yaya. Kanisani kuna mama mmoja Mtanzania, nilipomwambia naenda Campbelltown kumwangalia yaya wangu, akaniuliza tangu lini nimekuwa tajiri wa kuwa na mfanyakazi wa kulea watoto, na tena mfanyakazi anaugua mimi ndiye namhudumia. Tulicheka sana siku ile. Basi, yaya si mfanyakazi, ingawa kulea alinilea. Mama yetu alikufa nikiwa naota meno ya pili, na tangu siku hiyo kichwa changu kikawa mali ya magoti yake. Kila Jumamosi naketi chini, yeye kwenye kigoda, ananibana na magoti nisikimbie, ananisuka. Alinisuka Uvira, alinisuka kwenye kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, alinisuka hapa Australia nikiwa tayari bibi wa watu. Na nilipokuwa mkubwa na mimi nikamsuka yeye. Hakuna mwingine aliyegusa kichwa chake. Alisema kichwa hakipewi mtu ambaye hamkunyonya ziwa moja, na wanawake wa kanisa walipojitolea aliwashukuru vizuri, akawapa chai, akafunga kitambaa chake vizuri zaidi.

Mwaka ule moyo wake ulikuwa umechoka. Madaktari walituelezea kwamba unasukuma damu kama pampu ya kisima iliyokwisha mpira. Miguu ilijaa maji. Hakuweza kulala chali, akilala chali anazama, ndivyo alivyosema mwenyewe, anazama kwenye kitanda kikavu. Kwa hiyo alilala ameketi, kwenye kiti kikubwa cha kuegemea chenye mgongo mrefu, dirishani, akiwaangalia wale kasuku weupe wenye kishungi wakikatakata matawi ya miti ya serikali. Alikuwa anasema hata ndege wa nchi hii nywele zao zimesimama, hawana dada.

Hakuna aliyemwambia amebakiza siku ngapi. Lakini walimwambia harudi tena hospitali, nesi atakuja nyumbani, na yaya hakuwa mjinga.

“Kadogo,” akaniambia, “nisuke. Sitaki kufika kwa mama na kichwa hiki.”

Kadogo ni mimi. Nina wajukuu wanaonipita kimo, ila kwa yaya nilibaki kadogo.

Mnaosuka mmeshaona tatizo. Mtu akiketi chini kati ya magoti yako mikono yako inashuka, inapumzika, unaweza kusuka huku unasinzia. Lakini yaya asingeweza kuketi chini, angekata pumzi, na kuinama mbele vilevile asingeweza. Ilibidi asukwe akiwa wima kwenye kile kiti. Yeye mrefu, kiti kirefu, mimi mfupi. Ili vidole vyangu vifike utosini kwake nilipaswa kuinua viwiko na kuvitanua nje, kama kuku anayetaka kuruka ua. Siku ile nilijaribu. Mkono wa kushoto ukaenda. Wa kulia ulipofika usawa wa ziwa ukasimama, na badala ya mkono kupanda likapanda bega zima mpaka sikioni, na maumivu yakanishuka mpaka kwenye kiwiko kama maji ya moto. Nikachukua kigoda nikapanda juu yake. Yaya akanigeukia polepole.

“Shuka,” akasema. “Akifa mmoja inatosha.”

Nikashuka. Nikamwambia ngoja, daktari ananitibu, mkono utapona.

Na kweli nilikuwa natibiwa. Hapo ndipo habari inapokuwa mbaya.

Miezi kabla ya hapo nilikuwa nimeongea na daktari kwa simu. Siku hizi wanafanya hivyo. Daktari yuko kwake, mkalimani yuko kwake sijui mji gani, mimi niko jikoni kwangu na chumvi yangu mezani, watu watatu tusioonana. Nikasema mkono wa kulia unaniuma na hauinuki. Mkalimani, mwanamume mwenye sauti ya haraka, akageuza. Daktari akauliza vidole vinakufa ganzi? Nikasema mara nyingine. Akauliza naweza kufunga ngumi? Nikafunga ngumi pale jikoni, nikaiangalia, nikasema ngumi inafunga lakini mkono unauma. Akauliza nilikuwa nafanya kazi gani. Nikasema ghalani, kupanga makopo kwenye maboksi, mpaka nilipostaafu. Akasema aah. Nilimsikia mwenyewe akisema aah, haikuhitaji mkalimani.

Wakanituma kupigwa picha ya mifupa. Binti mmoja mpole akanitandaza vidole juu ya kibao kama samaki wa kukaushwa, akapiga, akanishukuru. Nikapewa kile kitambaa kigumu chenye kipande cha chuma ndani, cha kufunga kiganja na kifundo. Nikakivaa. Nikakivaa nikipika, nikakivaa kanisani, nikakivaa kwenye treni mpaka Blacktown, nikibadilisha, mpaka Glenfield, nikibadilisha tena, mpaka Campbelltown kwa yaya. Nilijiuliza mbona wanafunga chini na maumivu yako juu, nikajijibu kwamba dawa inapanda. Mti unanyweshwa mizizi, hunyweshi majani. Nilikuwa na maelezo mazuri sana.

Aliyefungua macho yetu ni nesi wa yaya, Mkenya, dada wa makamo anayekaa Parramatta. Alikuja siku moja kupima miguu ya yaya akanikuta napigana na koti langu. Akasimama na kipimo chake mkononi ananiangalia.

“Mama, unaumwa na nini?”

“Mkono.”

“Hiyo si mkono, mama. Hiyo ni bega.”

“Na bega ni la nani? Mkono wangu unaanzia shingoni.”

“Mwache huyo,” yaya akasema kutoka kwenye kiti. “Shule walimfukuza kwa ubishi, wakasingizia karo.”

Nesi akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akaniambia nisimame, nibane kiwiko ubavuni, nigeuze kiganja nje kama ninayefungua mlango. Wa kushoto ukafungua mlango. Wa kulia ukabaki palepale kama uliogongewa msumari. Akajaribu kunisaidia kwa kidole kimoja nikamshika nguo. Akaniuliza nilimwambia nini daktari, nikamwambia, akakaa kitako kwenye mkono wa kiti cha yaya akanielezea. Kiingereza, alisema, kimeukata mkono vipande. Kipande cha vidole mpaka kifundo kina jina lake, kutoka pale kwenda juu kina jina lingine, na bega lina lake. Yule mkalimani alisikia mkono, akatoa kile kipande cha kwanza. Hakusema uongo. Mimi pia sikusema uongo. Ila kati yetu kilipotea kipande kizima cha mtu, na mimi nilikuwa nimefungwa bendeji kwenye kiungo kisichoumwa kwa miezi huku kingine kinakauka.

Nimewahi kusikia watu wakisema Kiswahili chetu cha Kongo kimeharibika. Sawa. Lakini hapo hakikuwa cha Kongo wala cha wapi, maana hata Mswahili wa pwani akinawa ananawa mkono na akivunjika bega mkono wake ndio unaoning'inia.

Basi nikaenda kwa daktari kwa miguu yangu, nikavua, nikaonyesha. Nikapelekwa kwa kijana wa kunyoosha viungo, Mhindi, mwenye mikono ya moto kama mikate. Safari hiyo mkalimani alikuja mwenyewe, mama wa Tanga, amevaa vizuri, ananiita dada ingawa ananizidi umri. Kijana akatoa mifupa ya plastiki, bega tupu bila mtu. Sijawahi kuona ndani ya bega, na nimeona mengi njiani ambayo afadhali nisingeyaona, lakini hili nililiangalia vizuri.

Alisema nyonga ni kama mchi ndani ya kinu, hautoki. Bega si hivyo. Bega ni kama yai juu ya kisahani cha chai. Mfupa wa mkono una kichwa cha mviringo, na pale unapokaa ni padogo na hapana kina, ndiyo maana bega linazunguka kote, mbele, nyuma, juu, kuliko kiungo kingine chochote, na ndiyo maana linatoka kirahisi. Kinacholizuia lisianguke ni minofu minne midogo inayolishika pande zote, kama watu wanne walioshika shuka moja. Juu yake kuna mnofu mkubwa wa nje, pale askari wanapobandika vyeo, huo ndio watu wanaudhani ni bega. Halafu akageuza ile plastiki akanionyesha mfupa mpana wa mgongoni, akautaja kwa Kiingereza, na mama wa Tanga akafikiri kidogo akasema, “Hili ndilo kombe la mkono.”

Nikamwambia rudia. Akarudia. Kombe la mkono, ndivyo wazee wa kwao wanavyoliita.

“La mkono,” nikasema. “Umesikia ulivyosema mwenyewe? Liko mgongoni na ni la mkono.”

Akaniangalia, akacheka kidogo kwa aibu ya wenzake wote wa kazi. Kijana akauliza tunachekea nini. Alipoelezwa hakucheka. Alisema kwa kweli bibi ana haki, mkono haupandi bila lile kombe. Ukiinua mkono, yule mwenye kichwa cha mviringo anatoa sehemu mbili za safari, kombe linateleza juu ya mbavu linatoa sehemu moja, wanakwenda pamoja kama watu wawili wanaobeba kitanda. Kwangu yule wa mbele, mwenye kichwa cha mviringo, amegoma. Kombe linabeba peke yake, ndiyo maana bega linakimbilia sikioni.

Aliyegoma aligoma kwa nini? Akaniambia kile kiungo kimevikwa mfuko mwembamba, na wangu umevimba, ukawa mnene, ukasinyaa, kama sweta lililofuliwa kwa maji ya moto. Watu wenye sukari hupatwa zaidi. Nikamuuliza sukari imefikaje begani, mimi naitia kwenye chai. Akasema ndiyo hivyo, hawajui vizuri. Nilimpenda kwa kusema hawajui. Jina lake, alisema, ni bega lililoganda. Nilipofika nyumbani nikalifunga chupa ya maji ya moto mchana kutwa ili liyeyuke. Mjukuu wangu akanieleza kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kiswahili, tukaachana bila kuelewana.

Lakini kabla sijatoka pale niliuliza litapona lini. Kijana akasema linaganda, linakaa, halafu linaachia taratibu lenyewe. Mwaka. Wengine zaidi. Angenipata mapema pengine sindano ingesaidia zaidi kuliko itakavyosaidia sasa.

“Mwambie kuna mtu hana mwaka,” nikamwambia mama wa Tanga.

Akamwambia. Kijana akauliza ni kazi gani hasa nataka mkono uifanye. Nikasuka hewani, mbele yake, viwiko chini. Akaangalia vidole vyangu muda mrefu. Akasema hiyo inataka mambo mawili, kupanda na kugeuka nje, na kugeuka nje ndiko kunakopotea kwanza na kurudi mwisho.

Sindano nikapigwa. Maumivu yalipungua, ukaidi ukabaki. Nikapewa kazi za nyumbani kama mtoto wa shule, mimi niliyeishia darasa la pili. Kuinama na kuuning'iniza mkono uyumbe kama kengele ya kanisa. Kushika mpini wa ufagio na kuusukuma mkono mbaya nje kwa mkono mzuri. Na kusimama mbele ya ukuta, kupandisha vidole polepole, kama buibui, mpaka pale unaposikia machozi, halafu kidogo zaidi. Nilifanya kwangu, nilifanya kwa yaya. Ukuta wake una ufa unaopanda kutoka kwenye soketi ya umeme, nikawa naufuata huo ufa. Yaya alikuwa ananitazama kutoka kwenye kiti, pumzi zake fupi fupi.

“Panda, buibui,” ananiambia. “Huko juu kuna nzi.”

Siku nyingine hakunitania. Alikuwa anahesabu pumzi, nadhani. Nesi alikuwa anaongeza dawa ya kutoa maji, na yaya anakonda juu anavimba chini, na mimi ufa wangu naupanda upana wa ukucha, kesho yake narudi nyuma. Tulikuwa tunashindana na yeye hakutaka kushinda.

Nilimwambia mara moja kwamba nitamsuka msuko rahisi tu, ule Watanzania wanaouita twende kilioni, mistari inayorudi nyuma, haina mapambo. Akasema huo umfae anayekwenda kilioni. Yeye kilio chenyewe kinamfuata kitini.

Halafu akasema jambo ambalo nilimkataza kulisema tena.

“Usijitese hivyo, kadogo. Siku moja nitalala chali. Hapo hutainua kitu.”

Siku ya mwisho niliyomsuka kitini ilikuwa siku ya jua. Nilimpaka mafuta kichwani kwa mkono wa kushoto. Nikagawa nywele. Halafu nikagundua kitu ambacho hata yule kijana hakunifundisha: nikikiweka kiwiko changu cha kulia juu ya bega la yaya, mkono hauhitaji kujibeba. Bega lake likawa meza ya kiwiko changu. Alikuwa amekonda, mtulinga umetokeza kama mpini wa jembe, na nilisikia kila pumzi yake ikiinua mkono wangu na kuushusha. Nilisuka hivyo, nikipanda na kushuka. Mstari mmoja ukaisha. Wa pili ukafika katikati na maumivu yakanishinda, nikaona giza, nikauachia. Yaya akapapasa mstari kwa kidole.

“Umepinda. Umenichorea barabara ya Bukavu.”

“Kesho nitanyoosha.”

“Uache. Barabara ile naijua.”

Kesho yake ilikuwa wikendi ya kukarabati reli. Treni hakuna, mabasi yanazunguka, nikafika Blacktown nikasubiri, nikafika Glenfield nikasubiri. Nesi alinipigia simu nikiwa bado kwenye basi. Aliniuliza kwanza kama nimeketi. Alikuwa ameketi na yeye pia, nilisikia, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeketi chini. Yaya alikuwa amefia kitini, asubuhi, uso dirishani.

Pale wanapotunza maiti waliniruhusu kuingia kumtengeneza. Wanawake wa kanisa walitaka kuja kusuka, mikono yao ni mizima, nikasema hapana, watangoja nje na nyimbo zao. Ndani kulikuwa na baridi na mwanamke mmoja Mzungu mwenye glavu, mtaratibu. Yaya alikuwa juu ya meza ya chuma, amelala chali. Miezi mingi nilikuwa sijamwona amelala chali. Meza ilinifika tumboni. Nikasimama upande wa kichwa, viwiko vikabana mbavuni, vidole vikafika pande zote mbili, kushoto na kulia, bila kupanda popote, bila kugeuka popote. Mkono haukuuma hata kidogo. Nilitamani uume.

Nilisuka. Nywele zilikuwa kavu, mafuta hayakutaka kuingia. Ule mstari uliopinda sikuufumua. Ule ulioishia katikati niliumalizia, na pale ulipoungana panaonekana, juu umelegea kidogo, mbele umebana, maana mkono unaomsuka mtu anayepumua na unaomsuka asiyepumua haufanyi kazi sawa. Nilipofika kisogoni sikuweza kumwinua. Yule mwanamke akavua glavu. Hakuniuliza. Akaingiza viganja chini ya shingo ya yaya akakiinua kichwa, akakishikilia huku mimi nafunga ncha. Kwa hiyo mwishoni kichwa cha yaya kiliguswa na mtu ambaye hakunyonya nasi. Nilimwambia yaya kwa sauti anisamehe, yule ameshika tu, hakusuka.

Sasa bega langu limeachia. Liliachia lenyewe, kama yule kijana alivyosema, zaidi ya mwaka. Chumvi imerudi kabatini. Sidiria naifunga nyuma. Kijana aliniambia kipimo cha mwisho ni kupeleka mkono kisogoni, kiwiko nje, kiganja kichwani. Nilifanya juzi mbele yake akafurahi sana, akapiga makofi. Vidole vilifika vizuri, vikaingia chini ya kitambaa. Vilikuta nywele zangu zilizosongamana, ambazo hakuna aliyezitia mkono tangu yaya aliposhindwa kunibana na magoti.